Kifungu cha Tano, Aya ya Pili

Kanuni inasema: tundu la dereva
lisipungue milimita mia nne na hamsini kwa upana,
mia sita kwa urefu.
Halafu nukta. Karatasi inanyamaza
kama mgeni aliyekwisha kushiba.

Tuko bandani, mimi na baba, juu ya Blaenau.
Kabla yetu walilala humu kondoo, na siku za mvua,
yaani karibu siku zote, kuta hukumbuka.
Fremu imekaa juu ya magogo mawili,
mabomba matupu, kama kochi lililochunwa,
injini ya pikipiki ikingoja chini ya blanketi.

"Lipimwe kutoka wapi?" baba anauliza.
Kutoka ukingo wa chuma,
au juu ya sifongo iliyofungwa kwenye chuma?
Nasema sifongo ni nguo, haihesabiki.
"Ukienda kwa fundi cherehani, unavua koti?"
Navua. Yeye hakuvua, mwaka ule wa harusi,
ndiyo maana pichani suti ndiyo iliyomvaa.

Tukagombana juma zima juu ya neno "upana".
Tundu letu si sanduku: mbele limebana kama shingo ya chupa,
nyuma limefunguka kwa ajili ya mabega yake.
Je, upana ni pale palipo papana?
Kama ndivyo, tuna milimita kumi na mbili za ziada.
Je, ni popote?
Basi tumepungukiwa thelathini,
na thelathini maana yake kukata, kulehemu upya,
kuuongezea upepo mahali pa kugonga.

Nikawaandikia wenye kanuni. Siku ya tisa jibu likaja,
mstari mmoja na sahihi ya Bwana Tegwyn Probert:
"Kanuni isomwe kama ilivyoandikwa."
Baba alicheka hadi akaketi.
Barua nikaibandika ukutani, karibu na birika.

Jumapili nikamwambia aingie, nimchore kwa chaki.
Aliingia kwa awamu: mguu mzima,
kisha ule wenye nyonga ya chuma,
kisha mwili, kwa kuapa.
Nikachora. Nikasema, toka.
Mkono ulishika usukani, goti likakwama chini ya bomba,
na mimi, bila kukusudia, nilikuwa nahesabu.
Kumi na nne.
Akabaki ameketi ukingoni, anapangusa chaki begani.

"Unamkumbuka Idwal?"
Simkumbuki. Nilikuwa na miaka miwili.
"Tulimtoa kwa msumeno. Moto haukuwapo,
lakini sisi tuliokuwa tukikata hatukujua kama hautakuja."
Akauonyesha msumeno huo kwa mikono, hewani,
mfupi kuliko nilivyodhani.
"Tundu lake lilikuwa zuri sana. Lilimkaa kama glavu."

Hatukuzungumza tena habari za sifongo.
Usiku ule nilikata bomba la kushoto, kesho yake la kulia,
baba akielekeza taa pasipo kuambiwa.
Mia nne na tisini, chuma kwa chuma,
popote utakapoweka futi,
na sifongo ukitaka uivue, ukitaka uiache.
Gari sasa lina pua pana, mbaya kidogo,
kama ya mjomba wangu Emrys.

Jumamosi ya ukaguzi, manyunyu. Baba ameshafika sekunde sita.
Nimebeba kibao cha kupimia, kanuni, barua ya Probert,
hoja zangu zote nimezipanga kichwani kama spana.
Mkaguzi, msichana mwenye kikombe cha supu,
alilizunguka gari mara moja, akachungulia tunduni,
akasema, "Pana nafasi,"
kisha akauliza kioo cha upande wa kushoto kiko wapi.

Kilikuwa bandani, mezani,
bado ndani ya karatasi yake.