Daftari Lisilo Kwenye Orodha

Wamekuja kuchukua viti.
Watu watatu wa mbunge mpya, wastaarabu, kalamu masikioni,
wanahesabu mali ya serikali: meza mbili,
feni yenye kigugumizi, kabati la chuma,
ramani ya jimbo iliyoliwa na mchwa upande wa Mto Tel.
Natia saini. Miaka ishirini na mmoja nimepiga taipu barua zake,
leo naandika jina langu mwenyewe
na mwandiko umekaa upande.

Dambarudhar Naik hakuzaliwa kwenye kiti.
Alikuwa fundi wa pampu za mkono,
vijiji vya Kalahandi alivimaliza kwa baiskeli,
spana kubwa imefungwa kwenye mtalimbo kwa kamba ya katani.
Mwaka ule wa ukame alipiga magoti Bandhpada
mbele ya bomba lililotapika vumbi, akasema:
Msikilaumu chuma. Ulizeni nani kalipwa kuchimba.
Neno hilo lilitembea kuliko baiskeli.
Watu wakampa kura kama mtu anayelipa deni.

Muhula wa kwanza aliomba shule, akapewa kamati.
Aliomba zahanati, akapewa jiwe la msingi,
utepe mwekundu na mkasi.
Utepe ukaibwa. Mkasi akaurudisha Bhubaneswar kwa posta
na barua niliyoipiga mimi:
"Tumepokea mkasi. Tunasubiri cha kukata."

Akajifunza. Faili nayo ina mkondo wake kama maji;
akajua linakwama ghorofa gani,
kwa karani gani mla tambuu,
akaketi pale na kiberiti chake cha chakula hadi saini ishuke.
Hivyo ndivyo lilivyokuja yai la Jumatano shuleni,
wauguzi wawili, na pensheni ya wajane,
ambayo Phulmati Bibi aliihesabu noti kwa noti
kisha akaninong'oneza: Binti, wamekosea. Hizi ni za nani?

Sitamsafisha. Mimi si sabuni.
Siku walipoupigia kura mlima wenye bauksaiti
aliinua mkono pamoja na chama.
Watu wa mlimani wakaja, shoka mabegani,
hawakutukana, walikaa barazani mpaka giza.
Hakutoka.
Nilimwona nyuma ya pazia ameshika spana yake ya zamani
kama mtu asiyejua nati iko wapi.
Na daraja la Tel? Mihula minne.
Nguzo mbili zimesimama mtoni; kunguru wanazifaidi.

Lakini kila mwaka, mpunga ukishavunwa,
mawakala wakishagawa pesa za kishika mkono
na familia nzima zikipanda treni Kantabanji
kwenda kufyatua matofali ya watu kusini,
alisimama jukwaani na daftari.
Hakuwazuia. Njaa haizuiwi kwa hotuba.
Aliandika majina ya watoto, moja moja,
umri, kijiji, rangi ya shati.
Mvua za Juni zikianza alirudi palepale
kumwekea alama kila aliyeshuka.
Kwa daftari hilo aliwabana mawaziri,
akapata mabweni ya msimu, watoto wabaki, wasome:
mia sita na kumi na wawili, mia tatu na arobaini,
mwaka jana themanini na wanane.
Mwaka huu wapiga kura walitaka daraja.
Siwalaumu. Nami huvuka kwa kulowa.

Hili je? anauliza mwenye kalamu.
Silo la serikali, nasema, nalitia kwapani.

Ukurasa wa nne, mstari wa tisa:
Trilochan Bagarti, miaka kumi na mmoja, shati la kijani.
Hakuna alama.
Ni mdogo wangu. Ndiyo sababu niliomba kazi hapa,
na yule bwana, kila Juni,
hakuwahi kuniambia nisahau.

Feni wameishusha. Chumba kimekaa kimya.
Treni ya kusini inaingia Ijumaa alfajiri.
Nimechonga penseli.