Rangi ya Maji

Saa nane za usiku, chumba cha nyuma, Langa Langa.
Goti langu limefungwa barafu ndani ya mfuko wa maziwa,
na kompyuta inapumua kama mchezaji wa akiba
aliyeingizwa ghafla robo ya nne.

Mchana nalipwa kuruka
(mshahara wa Machi nao bado uko hewani).
Usiku halipi mtu. Nawatazama walioruka.

Huyu ni Khavetsa, mchezeshaji wetu,
anadunda kwa mkono wa kushoto,
ule ulioungua kwa uji akiwa na miaka minne.
Huyu ni Moraa, anamwambia refa neno
nililolifunika kwa mlio wa kipenga.
Na huu ni ufa wa sakafu ya Bondeni,
unaanzia mstari wa kati, unaishia chini ya kikapu.
Sisi twaujua kwa nyayo.
Wageni huujua kwa pua.

Vumbi la Menengai likishuka alasiri
hatufumbi macho; tunalihesabu upande wetu.

Juzi wenye fedha wameniandikia kutoka Nairobi,
barua ya adabu, imepigwa pasi:
filamu imetugusa, hongera, ila ombi dogo,
meno.
Meno ya wachezaji yanamtoa mtazamaji mchezoni.
Siku hizi kuna kitufe.

Kitufe kipo. Sitajitia utakatifu, nimekibonyeza.
Khavetsa akacheka meupe, meupe kama vigae vya hospitali,
nikaketi nikimtazama mgeni
aliyevaa jezi namba saba ya rafiki yangu.

Maji ya visima vyetu yalitutia sahihi mapema:
milia ya kahawia, madoa ya chai ya rangi,
kabla ya jino la pili kumaliza kuota.
Hatukuwa na viatu, hatukuwa na wavu,
lakini rangi ya timu tulikuwa nayo.

Hata hivyo nilifunga mdomo.
Picha ya darasa la nane, mdomo umefungwa.
Kitambulisho, mdomo.
Siku ya mkataba wangu wa kwanza, kalamu mkononi,
midomo imebanwa kama bahasha.
Pale ugenini, jukwaani, mtu aliniita Kutu,
nikamtilia alama ishirini na sita
bila kumwonyesha jino hata moja.

Sasa tazama hapa. Narudisha nyuma. Tazama tena.
Fainali, sekunde nne, tumeachwa kwa alama moja,
mitupo miwili ya adhabu, na mtupaji ni mimi.
Gathogo, mtoto wa dada, nilimwachia kamera
na agizo moja tu: fuata mpira.
Hakuufuata. Amenishika usoni, hatikisiki.
Wa kwanza, koo langu linapanda, linashuka, ukelele: umeingia.
Wa pili, nasikia chuma.

Chuma kile bado nakisikia nikipiga mswaki.

Lakini ngoja, kipande hakijaisha.
Mpira umegonga ukingo, umeruka ua,
umetua katika debe la viazi la Mama Nyakio,
na sauti yake, kali kuliko kipaza sauti cha uwanja:
“Huo mimi nimeuhesabu!”

Nami kwenye kioo nacheka.
Nimeshindwa, wenzangu wamelala chini kama nguo zilizoanguka kambani,
na mimi nacheka, kinywa wazi hadi magego,
kahawia yote, milia yote, jua la saa kumi limeingia ndani.
Sikumbuki kucheka. Ningeapa mahakamani kwamba nililia.

Nimefuta weupe wa Khavetsa.
Nimemwandikia mwenye fedha mistari miwili,
wa pili ni jina langu.
Hela zikirudi kwao, tutaonyeshea ukutani,
shuka la Moraa ni pana.

Barafu imeyeyuka. Mtaani kwetu maji hayamwagwi.
Nayamimina sufuriani, naongeza majani,
nasubiri yachemke.
Mazoezi ni saa kumi na mbili.