Herufi Kumi

Meza ya Ntakwinja iko Kadutu, nyuma ya wauza viatu,
turubai linavuja upande wa kushoto,
na leo amenipangia vitu vitatu juu ya kitambaa
kama daktari anayepanga mikasi.

Cha kwanza, kishikio cha simu: plastiki nyeusi, meno manne.
"Unaibana hapa usukanini, mama, dunia yote mbele yako."
Dunia yote naijua.
Mwaka jana ilinipeleka hadi ukingoni mwa daraja
lililokwenda na maji tangu Pasaka,
na mstari wa buluu ukaendelea mbele, ukavuka hewani bila wasiwasi.
Tena mvua ikinyesha, matone huibonyeza simu kuliko vidole vyangu:
inakuza, inapunguza, inampigia shemeji.

Cha pili, dira ya shaba. Nzuri, sitasema uongo.
Niliiweka kiganjani, sindano ikatetemeka, ikatulia.
Lakini huku kwetu kaskazini itanisaidia nini?
Njia ya Irambira inaanza kwa kurudi nyuma,
inazunguka shamba la kwinini,
kisha inashuka ghafla kama mtu aliyesahau sufuria motoni.
Nikiifuata sindano nitafika upesi sana,
chini ya korongo.

Cha tatu kimezungushiwa utepe wa fundi umeme:
mashine ya setilaiti, nene kama kipande cha sabuni,
iliyoachwa na shirika lililofunga ofisi.
Vibonye vitano vya mpira. Nilivijaribu nimevaa glavu, vikaitika.
Inakula betri mbili za redio,
na betri za redio zinauzwa hata kule ambako chumvi haifiki.
Kioo kimepasuka kona moja.
"Dola sitini."
"Kwa kioo hiki?"
"Unataka ikuonyeshe njia, au unataka kujitazama?"

Nilimpa arobaini na mbili, na deni.

Pikipiki yangu ni ndogo, kama mimi.
Kubwa ikianguka kilimani inalala hapo hapo, inangoja wanaume;
hii naiamsha peke yangu, naisema kidogo, inawaka.
Nyuma nafunga boksi la chanjo.
Barafu yake hudumu saa sita,
na hizo saa sita ndizo ramani yangu ya kweli:
nikikosea njia panda moja,
watoto wa Irambira watachomwa maji tu.

Basi nikaanza kuifundisha mashine barabara.
Nasimama, nabonyeza, naandika jina la mahali.
Inapokea herufi kumi, haiongezi.
TOPENYEKUN.
MAGOGO, pale pa kushuka na kusukuma.
MBWAMKALI.
USIAMINI, nyasi zinazofunika mfereji.
Kilima kimoja jina lake la Kishi lilikuwa refu mno.
Mama mmoja mwenye jembe begani alichungulia kioo, akacheka:
"Andika nusu. Nusu nyingine tutakuambia ukifika."

Kisha mto.

Nilizima injini.
Aliyebeba boksi hili kabla yangu alivuka hapa asubuhi,
maji yakiwa magotini.
Jioni yalikuwa mabegani, naye hakuwa na kitu cha kumlilia sikioni,
alikuwa na barafu iliyobakiza dakika arobaini
na mama wa mapacha ng'ambo ya pili.
Nilitaka kuandika hayo yote.
Nilitaka kuandika kwamba helmeti yake ilipatikana
na viazi vya mtu ndani, inatumika kama kikapu,
na hatukuiomba turudishiwe.

Herufi kumi.
Nikaandika CISHUGI.
Saba. Nafasi tatu zikabaki zinapepesa.

Sasa kila Jumanne, mita mia mbili kabla ya maji,
mashine inalia mara mbili, sauti ya kifaranga.
Naingiza gia ya kwanza.
Naangalia rangi ya mto,
siangalii kioo.