Televisheni Isiyojipodoa

Tivii ya chogo ilikufa Jumapili ya Matawi,
umeme uliporudi Masasi kwa hasira.
Ilikuwa na mgongo kama mbuzi mwenye mimba,
na kona moja ya kijani iliyogoma kutoka,
lakini ilikuwa sikivu: ukibonya, mtu wa ndani anapiga.
Hapo hapo. Kama kofi na shavu.

Nikachukua bapa kwa mkopo, inchi hamsini.
Wateja wakaja, wakaisifu, wakajaza benchi.
Siku ya tatu Mpwate akaweka pedi chini:
"Mama Sijaona, hii tivii inafikiria kwanza.
Nabonya leo, beki anaruka kesho."

Mimi sichezi. Mimi napokea mia tano tano.
Nikadhani anatafuta kurudishiwa hela.
Wiki haikuisha, wote wako kwa Nandonde, nyuma ya stendi,
na benchi langu analalia paka.

Usiku nikashika pedi mwenyewe.
Nikabonya, nikatazama. Nikabonya tena.
Ndipo nikakumbuka Newala, nikiwa mdogo, ukingoni,
mwanamke anatwanga ng'ambo ya bonde:
mchi unashuka, kimya,
mchi unapanda,
halafu ndiyo *ndu* inafika.

Sisi wa huku kungoja hatukufundishwa na mtu.
Korosho zinaingia ghalani, malipo ya pili yanakuja
mtoto keshafukuzwa ada na kurudi na kufukuzwa tena.
Lakini mwenye mia tano yake mkononi
kwa nini angoje kama mimi?

Mtwara mjini nilishuka na mashine kwenye gunia la korosho,
Chande wa dada yangu nyuma, na pedi, na simu.
Muuzaji akanipeleka moja kwa moja kwenye kubwa:
"Inchi sitini na tano, mama. Rangi mpaka utalia."
Kweli, chui alipita, nikamhesabu sharubu.
Nikauliza: "Nikiibonya, inakawia kiasi gani kusikia?"
Akatazama rimoti. Akamtazama mwenzake.
"Ina waranti," akasema.

Chande akachomeka waya. Akaturekodi kwa mwendo wa kinyonga,
kidole na kioo ndani ya picha moja,
kisha tukainama juu ya simu, kipande kwa kipande,
kama watu wanaochambua korosho mbovu.
Kidole kimezama. Bado.
Bado.
Bado.
Muuzaji naye akaanza kuhesabu, bila kutaka.

Ile ya chui, kila picha inanawa uso,
inapaka wanja, inajigeuza kwenye kioo,
ndipo inafungua mlango. Mgeni keshakwenda zake.
Chande akachimba kwenye menyu akakuta neno gemu,
akaiwasha: wanja ukafutika, sura ikapauka,
ikawa afadhali. Afadhali tu.
Ya pili haikuwa na neno hilo kabisa.
Ya tatu ilikuwa nalo, na ilikuwa mapambo.

Kulikuwa na moja chini ya feni, arobaini na tatu,
boksi limelowa, hakuna chui wala maua,
inaonyesha bei za simenti.
Kidole kikazama, mtu akaruka.
Chande akarudia mara tisa. Mara ya tisa akacheka.
"Hiyo ni ya chumbani, mama, rangi zake za kawaida."
Nikasema nipunguzie ya boksi.
Akapunguza elfu thelathini, akaona kaniweza.

Jumamosi Mpwate alipita kama asiyetaka kupita.
Alibonya amesimama, mara moja, kwa kidole gumba.
Hakusema kitu. Alikaa.
Akafungwa nne bila na mtoto wa darasa la tano.
Akaitazama tivii, akaufuata waya kwa macho
hadi ukutani, akarudi nao,
akanitazama mimi.

Nikatandaza kiganja.
Akatoa mia tano nyingine.