Kisutu kwa Modi Mbili

Barabara ya Biashara, ghorofani, juu ya duka la leso,
fundi Msellem aliweka kompyuta ya mwalimu mmoja Mzungu
aliyehama na kuacha deni la friji.
Nzito kama kreti ya soda. Waya wake uliingia
mgongoni mwa televisheni isiyojua rangi.

"Sikiza," akanambia. "Modi sifuri ni kalamu ya ncha kali:
hata uzi wa pindo utauchora,
lakini rangi mbili, basi.
Modi moja, rangi nne, na nukta zaanza kunona.
Modi mbili utapewa zote,
ila kila nukta tofali.
Na ikishatandaza rangi zake, kumbukumbu inayobaki
haitoshi kuandikia barua."

"Kwani haiwezi vyote?"
"Nani awezaye vyote?"
Akarudi kwenye risasi yake na moshi.

Dada yangu Mwanatumu alikuwa aolewe Mfungo Sita.
Nilitaka kumchorea kisutu: nyeusi, nyeupe, nyekundu.
Tatu. Cha rangi mbili ni kitambaa cha meza.
Nikachagua matofali.

Siku nne nikihesabu nukta katika daftari la mraba,
sifuri nyeusi, saba nyeupe, moja nyekundu,
na huko chini robota zikifunguliwa,
mteja akiuliza bei, akisonya, akinunua.

Kisutu cha kale hakina maneno. Mimi nikakitia.
Mstari wa modi mbili hubeba herufi ishirini:
NIMECHAGUA SIJUTII,
kumi na nane pamoja na pengo,
mbili za kupumulia.

Alikuja alasiri, buibui likinuka udi.
Akatazama: kijivu, kijivu kizito, kijivu cha maziwa.
"Nyekundu iko wapi?"
"Namba moja."
Akaweka kidole kwenye kioo, malaika ya mkono yakamsimama.
"Hapa?"
"Hapo."
Akakubali, kama alivyoikubali posa.

Kabla sijatia kaseti, stima ikapotea.

Simu yangu ya leo haichagui, imepewa zote.
Lakini Msellem nikimkumbuka, namwona kwa modi sifuri:
kila mkunjo wa kidole, miwani iliyofungwa uzi sikioni.
Shati lake lilikuwa rangi gani, siijui.

Mwanatumu, yeye, amebaki matofali.
Pua tofali. Macho, tofali mbili.
Sura siipati sawasawa tena,
ila ile nyekundu, ambayo hatukuiona,
naiona.