Sikudhani

Mashine ya nguo, hii ya kufungulia juu, haijui kuficha siri,
inaichelewesha tu.
Mwaka wa kumi na moja huu naziinamia, Buguruni mpaka Segerea,
bisibisi mdomoni, tochi ya simu kwapani,
na chini ya sahani zao nimeokota
sarafu za mia mbili zilizofubaa, meno ya zipu,
kifungo cha sare ya shule, waya wa sidiria,
na mara moja jino la mtoto;
mwenyewe aliapa alilirusha juu ya bati.

Mama Nsia alinipigia Jumamosi, siku yao ya maji.
"Fundi Kondo, inakunywa. Inakunywa tu, haijai.
Nimeimwagia ndoo tisa, utadhani namwagilia mchanga.
Mwenzako kasema ni ubao wa umeme, laki mbili na nusu."
Nikamwambia usinunue ubao. Ngoja kwanza tuisikilize.

Nikachomoa waya ukutani.
Nikafungua kichujio pale mpira wa maji unapoingilia:
chumvi ya kisima imeshika ukoko.
"Hiki, mama, kila mwezi, mswaki wa zamani na ndimu.
Sabuni usimimine kama unga wa ugali.
Na ukimaliza kufua acha kifuniko wazi, ipumue."
Mguu mmoja ulikuwa umeegemea kipande cha kandambili,
ndiyo maana ikikamua ilikuwa inatembea hadi mlangoni.

Nikailaza ubavu juu ya godoro kuukuu,
nikafuata bomba la kutolea maji mpaka kwenye vali.
Vali ni mdomo wa mpira: ukifumba, maji yanakaa.
Huu ulikuwa umeng'ata kitu.

Hereni.
Ya dhahabu, ndogo, haizidi punje ya mtama.
Mwaka mzima imezunguka gizani na povu la watu,
ikishuka tundu kwa tundu,
mpaka ikafika mahali pa kusemea.

Nikaipangusa kwa shati, nikampa.
Nilingoja shangwe; wengine huruka, hunipa na hela ya soda.
Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Akasema, "Sikudhani."

Nikamjibu kama mtu anavyojibu:
"Ndiyo hivyo mama, nani angedhani."
"Hapana. Sikudhani. Binti. Wa Newala.
Alikuwa analala chumba kile."

Nikatazama chumba kile. Feni mbovu, gunia la mkaa, madumu.
Sikuuliza. Fundi huuliza habari za fyuzi.
Alisema mwenyewe, macho sakafuni:
begi lilivyokung'utwa barazani, majirani wamejaa getini,
kanga mbili, picha ya mama yake, mafuta ya nazi yaliyomwagika,
nusu mshahara, basi la alfajiri.
"Aliniambia, mama, tazama kwenye mashine.
Alilirudia hilo hilo. Nikamwambia
mashine haiibi."

Nilikaza skrubu zote nane. Sijawahi kukaza polepole vile.
Tukafungulia maji. Ikajaa.
Ikanyamaza kidogo, ikashusha pumzi, ikaanza,
kushoto, kulia, kushoto,
mtu anayetikisa kichwa.

"Shilingi ngapi?"
Elfu ishirini na tano, na nauli ya boda humo humo.
Akanipa thelathini, baki nayo.
Nikamrudishia elfu tano, sijui kwa nini.

Nilikuwa navaa viatu getini, simu yake iko kwenye spika:
namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Akapiga tena. Yule mwanamke wa mtandao,
kwa adabu ile ile, akamjibu tena.
Nyuma yake mashine ilimaliza kufua,
ikafungua mdomo wake msafi,
na maji yote yakaenda.