Supu Haijapakuliwa

Jioni ile mezani kwetu, mtaa wa Sololaki, Tbilisi,
wapangaji waliipigia kura lugha iliyo tamu kuliko zote.
Sharti lilikuwa moja: ya kwenu usiitaje.

Ornella wa Ferrara alichagua Kireno,
si cha Lisbon, alisema, kile kinachomeza irabu
kama mtu anayekula kwa kificho,
bali cha Bahia, kinacholala madirisha wazi.
Duarte, mzaliwa wa Lisbon, akasugua shavu, akacheka,
akakipa kura yake Kiajemi, ambacho hajui hata neno lake moja:
aliwahi kumsikia kinyozi akikiongea simuni
wembe ukiwa kooni mwake yeye Duarte,
na hakuogopa.
Morag akasema Kinorwe, kwa jinsi kinavyopanda ngazi na kushuka
hata kikiuliza tu bei ya samaki.
Tukamwambia Kiingereza chake cha visiwani
kina r zinazobingirika kama gololi kwenye mbao.
Akaona haya. Akaongeza mvinyo.

Bastien alikuwa wa mwisho.
Akasema Kiitaliano, macho kwa Ornella,
na sote tukajua hiyo haikuwa kura ya sikio.
Kisha akanigeukia, kwa wema kabisa:
"Lakini hiki chenu, rafiki yangu,
ni mtu anatafuna kokoto,
na kokoto zinamjibu."

Wakacheka.
Nami nilicheka. Ndilo linaloniuma.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria.
(Kwetu mama huitwa deda, na baba ndiye mama;
wageni hulichekea hilo pia.)
"Amesema nini?"
"Anasema supu ni tamu."
Akaitazama sufuria. Akanitazama.
"Supu sijaipakua."

Akapakua. Paja kubwa la kuku
akampa Bastien.

Alitoka Kutaisi ana miaka kumi na tisa
kuja kukaa nyuma ya dirisha la posta.
Kwao sentensi haikatwi, huachwa ijiburute,
irabu ya mwisho ikinyanyuka kama inauliza njia.
Wasichana wa mjini walipanga foleni
kununua stempu wasizozihitaji
ili tu wamsikie akitaja bei.
Basi akazipunguza irabu zake kama kucha,
kila usiku kidogo, mbele ya kioo.
Nilipozaliwa mimi
alikuwa akiongea kama msoma habari.

Usiku kiu ikaniamsha.
Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, naye yuko simuni
na dada yake Nanuli, aliyebaki Kutaisi.
Alikuwa akimsimulia habari za kokoto.
Nikasimama ukumbini, miguu mitupu kwenye vigae,
glasi tupu mkononi.
Kila neno lilirudishiwa mkia wake.
Herufi zilipasuka kooni
kama jozi mbili zikigongana kiganjani,
na baada ya kila mpasuko irabu,
ndefu, isiyo na haraka,
ikimvuta Nanuli karibu, kilomita mia mbili na zaidi,
mpaka wote wawili wakashindwa kuongea kwa kicheko.
Sijawahi kusikia akicheka hivyo kwa lafudhi ya hapa.

Je, ilikuwa nzuri? Msiniulize mimi.
Sikio langu lilihongwa kabla sijaota meno.
Labda Bastien angesikia kokoto zilezile,
nyingi zaidi, na mto juu yake.
Mto, hata hivyo, asingeweza kuukana.

Akakata simu. Akaniona.
Sauti ikavaa viatu haraka:
"Hujalala?" Fupi. Safi. Ya mjini.

Nilitaka kumwomba arudie, lolote,
bei ya stempu, hata.
Nikasema, "Nina kiu."
Akanijazia glasi.
Nikasema, "Supu ilikuwa tamu."
"Najua," akanijibu,
na irabu ya mwisho ikachelewa kidogo
kutoka chumbani.